Mgongo na Nyumba Yake

Anayetaka kujua mgongo wa mtu umeumizwa na nini asianze na picha za hospitali. Aende kwa mtu huyo alfajiri, akae barazani atazame. Atamwona ameinama na ufagio wa chelewa anafagia uwanja, magoti yamenyooka, uso unatazama mchanga. Akitoka hapo ni ndoo ya lita 20, inayonyanyuliwa kutoka chini hadi kichwani. Halafu beseni la nguo. Halafu sakafu ya kudeki kwa kitambaa, jiko la mkaa lililo chini kabisa, na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo haitumiki bila kuikalia. Jua halijapanda, na kiuno kimekwisha kukunjwa mara nyingi kuliko kitakavyokunjwa mchana kutwa.

Naandika haya kwa sababu ya mama yangu mdogo, fundi cherehani wa Tanga, aliyeshikwa na kiuno msimu wa sare za shule, akashindwa kunyooka, na baadaye akaambiwa ni diski. Naandika pia kwa sababu watu wengi huyachukulia mazoezi ya nyumbani kuwa ya kujazia tu, kitu anachopewa mtu ambaye hospitali imemshindwa au fedha zimemwishia. Nimeyatazama kwa karibu, nami nasadiki kinyume chake. Umri una sehemu yake katika kuchakaa kwa diski, na urithi una sehemu kubwa. Watafiti waliochunguza mapacha wa Ufini walilionyesha hilo vizuri. Lakini umri na urithi hatuna la kuvifanya. Kilichobaki mikononi mwetu ni jinsi tunavyoishi, na tunaishi nyumbani. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua kazi yake hamfundishi mgonjwa peke yake, huifundisha nyumba nzima.

Uti wa mgongo una diski 23, moja kati ya pingili na pingili, isipokuwa pale juu kabisa shingoni. Katikati ya kila diski mna ute mzito uliojaa maji. Kuuzunguka ute huo kuna matabaka ya nyuzi ngumu, nyuzi za tabaka moja zikielekea huku na za tabaka linalofuata zikikatiza juu yake, kama ukili unavyopitana katika mkeka. Diski imeshikamana kwa nguvu na mfupa wa juu yake na wa chini yake. Haichomoki ikahama, ingawa wagonjwa wengi huishi na hofu kwamba wakijigeuza vibaya kitu kitatoka moja kwa moja. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za upande wa nyuma huchoka, huchanika, na ute wa ndani husukumwa nje, palepale inapopita neva. Mara nyingi ni diski mbili za chini kabisa, zile zinazobeba uzito wa kiwiliwili chote. Neva za hapo huungana na nyingine zikawa neva nene kuliko zote mwilini, inayoshuka takoni na kupita nyuma ya paja kwenda mguuni. Ndiyo maana mtu mwenye hitilafu kiunoni anaweza kuapa kwamba ugonjwa wake uko kwenye shavu la mguu.

Kuna jambo moja kuhusu diski ambalo natamani lingebandikwa ukutani katika kila kituo cha afya. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha. Hupata lishe yake kwa kunyonya, polepole, kutoka kwenye mifupa iliyopakana nayo, na maji yake hupanda na kushuka kwa saa za siku. Usiku tunapolala na mzigo wa mwili ukaondoka, diski huvuta maji na kufura. Mchana tukisimama na kukaa, hukamuliwa. Kila mmoja wetu huamka mrefu kuliko alivyolala, kwa sentimita moja hivi au zaidi kidogo. Basi saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa ambayo diski imejaa na kukazana, na kuinama kunazivuta zile nyuzi za nyuma kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliofundishwa kujizuia kuinama saa za mwanzo za asubuhi walipata nafuu. Hawakupewa kidonge. Walibadilishiwa asubuhi.

Sasa irudie ile alfajiri ya ufagio wa chelewa. Kazi zetu za kuinama tumezirundika zote katika saa ileile ambayo mgongo hauzistahimili, na tumemrundikia mtu mmoja, ambaye kwa kawaida ni mwanamke. Hilo linaniuma. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kushindana na saa mbili za namna hiyo kila siku.

Kijana wa fiziotherapia aliyekuja kwa mama mdogo alipiga hodi, akaamkia, akavua viatu. Kwanza alimpima. Alimwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akamlaza chali na kuuinua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akiuliza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Akagonga goti na nyuma ya kifundo kwa nyundo yake ndogo ya mpira, akapitisha pamba miguuni na kuuliza kama pande zote mbili zinasikia sawa. Aliandika kila kitu. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

“Asubuhi hapa nani anafagia?”

Kilichofuata ni ukaguzi wa nyumba. Alitazama kitanda na urefu wake, kiti, jiko, mahali pa kuchotea maji, choo. Alikaa mwenyewe kwenye cherehani, akakanyaga mara mbili tatu, akainuka. Miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima mgandamizo ndani ya diski za watu walio hai kwa sindano maalumu. Vipimo vyake vilionyesha kwamba aliyekaa akiegemea mbele anaibebesha diski mzigo mkubwa kuliko aliyesimama wima. Fundi cherehani hukaa hivyohivyo siku nzima, macho yanafuata sindano, kiuno kimepinda, mguu unakanyaga. Kiti cha mama mdogo kilikuwa kigoda cha chini kilichokuwamo nyumbani miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kukitazama mara mbili.

Basi nyumba ikaanza kutibiwa. Jiko lilipandishwa juu ya meza ya matofali. Ufagio wa chelewa ulifungwa kwenye mpini mrefu. Kigoda kikaondolewa, kikaletwa kiti chenye egemeo, na kitambaa kikakunjwa na kuwekwa kwenye mbonyeo wa kiuno. Ndoo ya lita 20 ikawa madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, na maji mengine wachote wengine. Kufagia asubuhi kukawa kazi ya watoto wa kiume. Hapo pakazuka mabishano, si ya watoto bali ya wakubwa, maana walikuwapo wazee waliosema kwamba mvulana kushika ufagio mbele ya jirani ni aibu. Kijana wa fiziotherapia hakubishana nao. Aliwaonyesha tu, kwa adabu, kwamba mazoezi yote anayoyafundisha yatafutwa na uwanja ule kabla ya saa moja asubuhi. Nimewasikia watu wakisema kwamba fiziotherapia haikuwasaidia. Siku hizi huwauliza kwanza ni nani aliyekuwa akifagia.

Jambo jingine linaloifanya tiba ya nyumbani kuwa tiba kamili ni barabara. Mgonjwa anayehudumiwa hospitali ya mkoa anapewa nusu saa nzuri ya mikono na maelekezo, halafu anaketi kwenye daladala iliyojaa, magoti yamegusa kifua, anarushwa na kila tuta na kila shimo hadi kwake. Anayepanda bodaboda ana hali mbaya zaidi. Anafika nyumbani mguu unawaka kuliko alivyotoka, kisha anahitimisha kwamba mazoezi ndiyo yaliyomuumiza. Heri aende mara chache, apimwe vizuri, afundishwe vizuri, na mazoezi yenyewe yafanyike chumbani kwake, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Lakini chumbani kwake kuna upendo, na upendo una hatari zake. Jamii yetu ina namna yake ya kumpenda mgonjwa: inamlaza. Anayekuja kumjulia hali hutarajia kumkuta kitandani, kajifunika khanga, na akimkuta anatembea uwanjani anaweza kuondoka akinong'ona kwamba huyu haumwi. Mabinti humnyang'anya hata kikombe. “Pumzika mama, sisi tupo.” Siku mbili tatu za mwanzo, maumivu yakiwa makali mno, kulala kunasaidia. Kupita hapo, kitanda kinaanza kuchukua: misuli inalegea, viungo vinakakamaa, moyo unashuka. Mwaka 1999 Patrick Vroomen na wenzake wa Uholanzi walichapisha jaribio la watu 183 wenye maumivu ya neva ya kiunoni yashukayo mguuni. Kundi moja lililazwa kitandani wiki mbili, jingine likaachwa liendelee na shughuli kadiri ya uwezo. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Kulala hakukuongeza chochote. Naona ujumbe huo ulipaswa kuwafikia wageni wanaokuja kujulia hali kabla ya kumfikia mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hatembei ikiwa kutembea kunamfanya aonekane mwongo.

Nataka kukaa kidogo mkekani, maana hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Zoezi lenyewe halina fahari yoyote. Mkeka unatandikwa sakafuni. Mgonjwa analala kifudifudi, mikono kando, uso umegeuzwa upande, anapumua na kuuacha mwili ulegee. Baada ya dakika chache anajiinua kwa viwiko, kifua juu, nyonga zikibaki chini, anatulia. Siku zinazofuata, ikiwa mwili umekubali, anajisukuma kwa viganja mpaka mikono inyooke, nyonga bado ziko mkekani, anashuka, anarudia hadi mara kumi. Kisha anaamka kwa utaratibu, kwa kugeukia ubavu. Baada ya saa mbili hivi anarudi tena.

Siku za mwanzo kiuno cha mama mdogo kilimuuma zaidi. Dada zake walikasirika. Mmoja alisema wazi kwamba mtoto huyu atatuulia mtu. Kijana alipokuja alimkuta mama mdogo amejiinua kwa viwiko, jasho limemtoka puani.

“Mama, sasa hivi kunauma wapi?”

“Kiuno, mwanangu. Kuliko jana.”

“Na mguu?”

Alinyamaza. Akapeleka mkono nyuma, akaushika mguu kuanzia kisigino, akapanda nao polepole, akapita shavu la mguu bila kusimama, akafika katikati ya paja. “Kumeishia hapa,” akasema. “Chini hakuna kitu.”

Kijana alifurahi waziwazi. Akawaita dada wote waje wasikie. Akawaeleza kwamba maumivu yanayotoka mguuni na kurudi kiunoni, hata yakizidi pale kiunoni, yanaelekea kuzuri. Na yanayoshuka kutoka kiunoni kwenda mguuni, hata kiuno kikipata ahueni, yanaonya. Akasema zoezi linaloyapandisha liendelee, linaloyashusha liachwe siku hiyohiyo. Tangu hapo swali la asubuhi nyumbani mle lilibadilika. Hawakumuuliza tena kama anaumwa. Walimuuliza maumivu yamefika wapi, naye aliwajibu kwa kidole.

Elimu hiyo ina historia yake. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja mwenye maumivu ya mgongo na mguu akalale kifudifudi kitandani amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa na kichwa kimepandishwa kwa ajili ya mtu aliyetangulia. Mgonjwa akalala vivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, mkao ambao wakati ule ulihesabiwa kuwa wa hatari. McKenzie aliporudi alishtuka, lakini mgonjwa alimwambia mguu haujapata nafuu namna ile kwa wiki kadhaa. Kutokana na siku hiyo alijenga njia yake ya kupima na kutibu, na mwaka 1980 akaandika kitabu cha kumfundisha mgonjwa ajitibu mgongo mwenyewe. Kinachonigusa katika kisa hicho ni kwamba mtaalamu alimwamini mgonjwa kuliko vitabu alivyovisoma.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na watu wanaogawiana mazoezi kwa simu, jirani akimtumia jirani video kwamba hili ndilo lililomponya. Wapo ambao kupinda nyuma kunawaumiza; wazee wengi, ambao njia ya neva imebanwa na mifupa iliyochakaa, hupata nafuu wakiinama mbele au wakikaa. Wapo wanaohitaji kwanza kusogezwa kiuno upande mmoja. Wapo wanaofaa kuanza na kutembea tu, dakika kumi, kumi na tano, kwenye ardhi tambarare. Zoezi la mtu huchaguliwa na maumivu ya mtu mwenyewe, baada ya kupimwa na anayejua.

Kuna mambo ambayo mgonjwa hayasemi, na mtaalamu asipoyauliza hayatibiki. La kwanza ni choo. Choo cha kuchuchumaa hukikunja kiuno mpaka mwisho, na mtu akikamua mgandamizo unazidi. Dawa kali za maumivu nazo huleta choo kigumu. Nimeona wagonjwa wanaokula kidogo ili wasiende chooni, wanadhoofika, na familia inadhani ni ugonjwa. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kinachowekwa juu ya tundu, fundi seremala yeyote anakitengeneza kwa siku moja. Pamoja na hicho mtu anywe maji ya kutosha, ale mboga za majani, papai, maharage.

La pili ni sala. Mama mdogo aliumia moyo kuliko mwili alipoona hawezi kurukuu. Rukhsa ya mgonjwa kusali amekaa, au amelala, anaijua kila Mwislamu, lakini kuijua ni kitu kimoja na kuikubali nafsi yako iitumie ni kingine. Alisali kitini kwa muda, na sijda ilirudi kabla ya rukuu, kwa sababu akiwa amepiga magoti aliweza kushuka kwa mikono bila kukining'iniza kiwiliwili hewani. Mtaalamu aliyezijua harakati za sala alizitumia hizo kuwa kipimo cha maendeleo, na nilimheshimu kwa hilo.

La tatu ni la mume na mke. Hakuna anayeuliza, na ndoa nyingi zimenyamaza miezi kwa hofu ya kuvunja kitu. Mgongo wenye diski hauhitaji useja. Unahitaji mkao usiouma, subira, na maneno machache ya wazi kutoka kwa mhudumu asiyeona haya.

Kuhusu kukandwa sina ugomvi. Mafuta ya karafuu, maji ya moto yenye chumvi, mkono wa mama juu ya misuli iliyokaza: hivyo vinatuliza, na mtu aliyetulia hufanya mazoezi vizuri zaidi. Ninachokipinga ni kumlaza mtu mwenye mguu unaowaka na kumpandisha mtoto amkanyage mgongoni, au kumwita mtu wa kuvuta viungo ambaye hajauliza swali lolote. Godoro nalo limezungumzwa mno. Wengi hushauriwa walale sakafuni, ilhali jaribio la Hispania lililochapishwa mwaka 2003, la Francisco Kovacs na wenzake, kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, lilionyesha kwamba godoro la ugumu wa wastani liliwafaa kuliko lile gumu.

Nirudi kwenye picha. Mgonjwa wa mgongo mjini utamjua kwa bahasha lake kubwa la MRI, analolibeba kutoka daktari hadi daktari. Kalipia fedha nyingi kulipata, pengine familia ilichanga, kwa hiyo analiamini kuliko mwili wake. Ndani ya bahasha kuna karatasi inayosema diski imetokeza, na kuanzia siku aliyoisomewa hainami tena hata kuokota kijiko. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake waliwapiga picha hizo watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao, asilimia 52, walikuwa na diski moja au zaidi iliyotokeza. Walikuwa wakifanya kazi, wakicheza na watoto wao, hawana habari. Isitoshe, mwili una kazi yake unayoifanya kimya: chembe za kinga huushambulia ute uliotoka nje na kuula, na mara nyingi kipande kikubwa kilichomwagika ndicho kinachopungua zaidi kuliko kitokezo kidogo. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba mgongo wake umekwisha, akaishia hapo, amemfunga kamba ambayo mtaalamu wa mazoezi atahangaika miezi kuifungua.

Hata hivyo yapo yasiyotibiwa mkekani, na hapa nitasema kwa ukali. Mtu akishindwa kukojoa, au mkojo na haja kubwa vikimtoka bila kujua, au akipata ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, au miguu yote miwili ikilegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Neva za mwisho wa uti zimebanwa, na kila saa inayopita inapunguza matumaini. Mtu ambaye unyayo umeanza kuburuta, hawezi kuuinua akisimama kwa kisigino, naye asikae nyumbani. Na katika nchi zetu maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya uti, kile alichokieleza daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779 na ambacho bado tunacho. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi wanaweza kupata pia homa ya kutupa mimba (brusela), ambayo hupenda kiuno. Hao wakipewa mazoezi ya diski wanacheleweshwa dawa.

Upasuaji nao una mahali pake. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr, wa Boston, walionyesha kwamba diski iliyotokeza ndiyo inayoibana neva na kuuchoma mguu, na tangu hapo kisu kilitumika sana, pengine mno. Mwaka 2007 Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka. Mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walikuwa wamelazimika kupasuliwa hatimaye. Kwa mwenye kazi ya mshahara na bima, uharaka huo unaweza kuwa na thamani. Kwa wengi wetu, miezi ile ya kusubiri ndiyo itakayokuwapo tutake tusitake, na tofauti ni kama itapita kitandani au mkekani.

Miezi hiyo haina mapambo. Baada ya mguu kutulia huja mazoezi ya nguvu: kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga, kupiga magoti viganja vikiwa chini na kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila kiuno kuyumba, kuinuka kitini bila kushika kitu. Ganzi ndiyo huondoka mwisho, na wakati mwingine doa dogo la ganzi hubaki pembeni mwa unyayo. Neva iliyoumia ndani hukua tena kwa takriban milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi mguuni ni mbali. Wengi huacha hapa, maumivu yakiwa yamepungua na nguvu haijarudi. Watoto wanachoka kufagia, ndoo kubwa inarudi mlangoni, kigoda kinatolewa stoo.

Kwa mama mdogo maumivu yalirudi, msimu wa harusi, nguo zikiwa zimerundikana mezani hadi usiku. Alipompigia simu yule kijana, tayari alikuwa amelala kifudifudi mara kadhaa tangu alfajiri. “Jana kulikuwa shavu la mguu, leo kumepanda pajani,” alimwambia. “Ganzi mpya hakuna, na haja zote naenda vizuri.” Kijana akamuuliza kama anaweza kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo. Akajaribu simu ikiwa sikioni, mkono mmoja umeshika meza ya cherehani, akasema anaweza. Akaambiwa aendelee hivyohivyo, nguo za bibi harusi amwachie binti anayejifunza kazi kwake, na mguu ukilegea asingoje kesho.